Machicha ya Chai Usiyatupe, Lakini Usiyaite Mbolea



Msimu wa kupanda unakaribia, na simu yangu inapokea video ile ile kila wiki. Mtu anakata kifuko cha chai kilichokwisha kutumika, anamwaga machicha kwenye shina la mahindi, halafu anaonyesha shamba lenye mahindi ya kijani kibichi yanayompita kichwa. Anamalizia kwa kusema mkulima aache kupoteza pesa dukani, mbolea anayo jikoni. Chini yake watu wameandika asante, Mungu akubariki. Wakulima wa kata yangu wananitumia wakiwa na swali moja: "Bwana shamba, hii ni kweli?"

Nimeamua kujibu hapa ili nisijibu mmoja mmoja. Machicha ya chai yana faida, na mimi ni mmoja wa wanaosema yasitupwe. Lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mbolea ya kupandia wala ya kukuzia kwenye shamba la mahindi, na anayekwambia hivyo anakuharibia msimu. Naomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu tutabaki kubishana tu.

Kifuko kimoja cha chai, vile vyenye uzi, kina majani makavu ya gramu 2 hivi. Ukikichovya kwenye maji ya moto, karibu theluthi moja ya majani hayo inayeyuka na kuingia kikombeni. Ndiyo rangi na ladha unayokunywa. Ukiyakausha yanayobaki unapata gramu 1.3 hivi. Majani ya chai yana naitrojeni nyingi kuliko majani mengi tunayoyafahamu, karibu asilimia 4. Hapo ndipo ulipo ule ukweli wa kwenye video. Lakini asilimia 4 ya gramu 1.3 ni gramu 0.05 tu.

Sasa chukua kisoda, kipimo chetu cha kila siku. Kisoda kimoja cha urea ni gramu 5 hivi, na urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo humo mna gramu 2.3. Ili upate gramu 2.3 kutoka kwenye chai unahitaji vifuko 44 au zaidi. Hiyo ni kwa shimo moja.

Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari inachukua mashimo 9,000 hivi. Ndiyo maana tunasema kisoda kimoja kila shimo ni takriban mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Familia inayotumia vifuko vitano kila siku, bila kuruka hata Ramadhani wala Kwaresma, inamaliza vifuko 1,825 kwa mwaka. Gawanya kwa 44. Unapata mashimo 41. Umekunywa chai kuanzia Januari hadi Desemba, umelisha mashimo 41, na mengine karibu 8,960 bado yanakutazama.

Kama nyumbani kwako hamtumii vifuko, mnachemsha majani ya pakiti kwenye sufuria na kuchuja, hesabu haibadiliki sana. Pakiti ya gramu 50 ni sawa na vifuko 25.

Na hapo nimeisaidia video. Naitrojeni ya urea inayeyuka kwa mvua, mmea unaanza kuipata baada ya siku chache. Ile ya kwenye machicha imefungwa ndani ya jani, inasubiri vijidudu vya udongoni viliozeshe kwanza, na mahindi yenye wiki nne hayana muda wa kusubiri. Fosforasi, ambayo mche unaihitaji sana ili utoe mizizi mapema, ni kidogo mno kwenye machicha. Na potasiamu huyeyuka kwa urahisi kwenye maji ya moto, kwa hiyo sehemu kubwa umeshainywa.

Ninalisema hili kwa uchungu kidogo. Msimu uliopita nilipita kwa kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliyekuwa amejiandikisha kwenye ruzuku ya mbolea kama wenzake. Mbolea ya kukuzia hakununua. Alikuwa amekusanya machicha kwa miezi kadhaa, nyumbani kwake na kwa ndugu zake, akajaza debe mbili, akayaweka kwenye mistari michache ya karibu na nyumba. Ile mistari ilikuwa na nafuu, lakini pale ndipo mbuzi wake wanapolala na ndipo majivu yanapomwagwa. Shamba lililobaki lilikuwa na dalili ambayo kila mkulima wa mahindi anapaswa kuijua: majani ya chini yanageuka njano kuanzia kwenye ncha, njano inaingia katikati ya jani kwa umbo la herufi V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Nilipofika ilikuwa imechelewa. Aliyovuna hayakufika nusu ya mwaka uliotangulia, na mvua ilikuwa nzuri. Kabla mwaka haujageuka mke wake alikuwa ananunua unga dukani kwa kupima.

Simlaumu kijana yule. Mbolea inauma hata ikiwa na ruzuku, na mtu asiye na pesa akiambiwa dawa iko jikoni atasikiliza, hata mimi ningesikiliza. Wa kulaumiwa ni yule anayerekodi shamba la mtu aliyeweka mbolea, halafu anatuonyesha kifuko cha chai.

Ukitaka ushahidi wa haraka, waulize wanaolima chai yenyewe, wa Rungwe, Mufindi, Njombe au Lushoto. Wao wana majani ya chai kuliko mtu yeyote, matawi wanayopogoa wanayaacha chini kati ya mistari yaoze, na bado wananunua mbolea. Inayotumika sana kwenye chai ni NPK 25:5:5. Jani unaloambiwa ni mbolea lenyewe lilikuzwa kwa mbolea.

Basi machicha yafanye kazi gani? Mahali pake ni kwenye mboji, na mboji mahali pake pa kwanza ni bustani ya mboga: mchicha, sukuma wiki, nyanya chungu, chainizi, kilimo cha kwenye viroba nyuma ya jiko. Huko eneo ni dogo, na kinachotafutwa ni udongo laini unaoshika maji. Machicha hapo yanasaidia kweli.

Kwenye lundo la mboji watu wengi wanayakosea kwa sababu ya rangi. Yanaonekana ya kahawia, mtu anayahesabu pamoja na vitu vikavu kama mabua na nyasi. Kwa tabia yake yahesabu pamoja na majani mabichi na samadi, kwa sababu ya ile naitrojeni. Kwa hiyo yanapenda kukutana na vitu vikavu. Katakata mabua ya mahindi vipande vya urefu wa kiganja, weka tabaka, juu yake machicha pamoja na majani mabichi, mabaki ya mboga na samadi kama unayo, udongo kidogo, kisha rudia. Nyunyiza maji kila tabaka. Ukifinya konzi ya mchanganyiko unapaswa kuhisi unyevu bila maji kutiririka. Chomeka kijiti kirefu katikati, ukichomoe baada ya siku tatu au nne. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi na kinanuka vibaya, umezidisha maji au vitu vibichi, ongeza mabua. Pindua kila wiki mbili. Ndani ya miezi miwili hadi mitatu utapata kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo washauri wa mbali hawalisemi, kwa sababu kwao chai huchovywa na maziwa huongezwa baadaye. Sisi tunachemsha majani pamoja na maziwa, sukari, tangawizi na iliki. Machicha ya chai ya maziwa ukiyamwaga juu ya bustani unaita nzi, sisimizi na panya, na siku ya pili yananuka. Tangawizi na iliki hazina shida. Ya chai ya maziwa yasuuze kwa maji, au yafukie katikati ya lundo, kina cha mkono. Ya chai ya rangi isiyo na sukari hayana usumbufu huo.

Pia usiyarundike mabichi kwenye shina la mmea. Yakiwa mazito yanaganda kama mkeka, yanaota ukungu, na maji ya mvua yanapita juu yake badala ya kuingia chini. Tabaka jembamba lililochanganywa na udongo linatosha. Na kwenye kitalu usiyaweke kabisa kabla hayajaoza. Yanabakiwa na kafeini kidogo, na kafeini huzuia mbegu kuota na mizizi michanga kukua.

Sasa kifuko chenyewe. Wengi wanaamini ni karatasi, wanakitupa kizima kwenye mboji. Vifuko vingi vya karatasi vimechanganywa na nyuzi za plastiki ili viweze kubanwa kwa joto visifunguke kwenye maji moto. Vile vinavyong'aa kama neti mara nyingi ni plastiki tupu. Karatasi itaoza, plastiki itabaki shambani kwako ikimegeka vipande vidogo usivyoviona. Fanya hivi: pasua, mwaga machicha, kifuko weka kwenye taka. Uzi wa pamba unaoza.

Kile kipini cha waya kinachoshika uzi kwenye baadhi ya vifuko ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi ya plastiki. Ng'ombe hachambui anachokula, anameza kwanza na kutafuna baadaye. Waya au msumari ukiingia hukaa kwenye tumbo la pili, na ukitoboa huelekea upande wa moyo. Mnyama anakonda, anakataa kula, anasimama amekunja mgongo, na mwenye ng'ombe anatafuta aliyemroga. Jalala linalofikiwa na ng'ombe, mbuzi au kuku si mahali pa kutupa vipini. Weka kopo karibu na jiko, vipini vyote viingie humo. Na machicha yenyewe usiwalishe mifugo.

Mengine nitayapitia haraka. Yapo maelezo kwamba machicha yanafukuza viwavijeshi vamizi. Usisubiri hilo, kagua mahindi yako mara mbili kwa wiki na utazame ndani ya kikonyo tangu yakiwa madogo. Kafeini ina nguvu juu ya baadhi ya viumbe, watafiti wa Hawaii walionyesha mwaka 2002 kwamba dawa ya kafeini ya asilimia 1 hadi 2 inaua konokono wasio na magamba, lakini kikombe cha chai hakifiki hata asilimia 0.1, sembuse kifuko kilichokwisha kuchovywa. Kuhusu kuweka kifuko kwenye jicho lenye uchovu, hiyo ni hiari yako kama jicho ni zima. Jicho jekundu lenye tongotongo lipeleke zahanati. Machicha yaliyokaushwa vizuri juani yanapunguza harufu kwenye viatu na kwenye jokofu la duka, hilo nalikubali bila ubishi.

Ndugu mfanyabiashara, hapa ndipo ninapokuhitaji wewe. Nimeonyesha kwamba kaya moja haina machicha ya maana. Mwenye nayo ni mama lishe, mwenye mgahawa, mpishi wa shule ya bweni, mwenye nyumba ya wageni. Chukua mgahawa unaotumia robo kilo ya majani kwa siku, ukifunguliwa siku 300 ni kilo 75 kwa mwaka. Baada ya kuchemshwa yanabaki karibu kilo 50 yakikauka. Hiyo ni mara ishirini ya ile familia yetu ya vifuko vitano. Bado hayatoshi ekari ya mahindi, lakini kwa matuta kadhaa ya mboga karibu na kituo cha biashara ni mali, na sasa hivi yanaziba mitaro ya senta zetu.

Mapatano yake ni mepesi. Mkulima wa mboga analeta ndoo mbili zenye mifuniko, moja inabaki mgahawani, nyingine anaondoka nayo. Mama lishe anamwaga machicha humo badala ya mtaroni, maganda ya viazi na ndizi pia. Malipo si lazima yawe pesa. Mafungu mawili ya mchicha kwa wiki yanatosha kumfanya mama lishe aikumbuke ndoo. Mkulima asipofika siku tatu, ndoo inanuka na mapatano yanakufa. Kwa hiyo asiahidi kila siku kama ana uwezo wa mara mbili kwa wiki. Siku hizo mbili azishike.

Kuna matumizi mengine ya machicha ambayo sitaki kuyasikia kwenye kata yangu: kuyaanika, kuyatia rangi na kuyachanganya na majani mapya ya kupima. Ujanja huu ni wa zamani. Uingereza ya karne ya 18 machicha yalikusanywa, yakakaushwa, yakatiwa rangi na kuuzwa upya, hadi Bunge lao likatunga sheria zaidi ya moja kuukataza. Majani yaliyolowa hushika ukungu haraka, na rangi hujui imetoka kwenye nini. Mwenye duka unayenunua majani kwa kilo kutoka kwa mtu usiyemjua, jipime hivi: lowesha karatasi nyeupe kwa maji baridi, nyunyiza majani machache juu yake. Yakitoa madoa ya rangi palepale, usiyanunue. Chai halisi haina haraka hiyo kwenye maji baridi.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Tunahangaika na kifuko cha gramu 2, na wiki hiyo hiyo tunachoma mabua. Mabua ya ekari moja yana uzito unaokaribia au kuzidi mahindi uliyoyatoa humo. Kila Agosti nikisimama kwenye kilima cha kata yetu naona moshi kila upande. Naitrojeni iliyo kwenye mabua yale inapaa na moshi. Samadi inaachwa zizini inyeshewe mpaka virutubisho vyake vingi viende mtoni, na mwenye zizi anakata vifuko vya chai kwa mkasi. Kwa maoni yangu video ile inapendwa kwa sababu inatuomba kidogo sana. Kukusanya mabua, kufunika samadi kwa nyasi, kupindua lundo, hizo ni kazi za jasho na hakuna anayezirekodi.

Kwa hiyo, kama umejiandikisha kwenye ruzuku, hakiki taarifa zako kabla wakala hajaishiwa. Kama pesa ya mifuko miwili huna, ni afadhali uweke mbolea sawasawa kwenye nusu ekari kuliko kuinyunyizia ekari nzima kama chumvi, na ile nusu nyingine uipande maharage au karanga.

Kwa wanaopenda kujaribu wenyewe, nawaachia jaribio moja ambalo chai inaliweza vizuri kuliko kulisha mahindi. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walichapisha njia ya kupima kasi ya kuoza kwa vitu udongoni kwa kufukia vifuko vya chai na kuvifukua baada ya siku 90 hivi. Walitumia vifuko vya neti ya plastiki kwa sababu vyenyewe haviozi. Kilichopungua uzito ni chai tu. Wewe huhitaji mizani ya maabara. Kausha machicha ya chai ya rangi, gawa sehemu nne kwa kijiko kimoja sawasawa, shona kila sehemu ndani ya kipande cha neti yenye matundu madogo. Fukia viwili kwenye bustani uliyoweka mboji na viwili kwenye sehemu ya shamba unayochoma kila mwaka, vyote kina cha sentimita 8, chomeka kijiti cha alama. Vifukue baada ya miezi mitatu, kausha, utazame kipi kimebaki na machicha mengi. Mkiviona vya upande mmoja bado vimejaa kama mlivyovishona, nileteeni ofisini pamoja na konzi ya udongo wa mahali hapo, tutazame pamoja udongo huo unakosa nini.